Kaltumu Aliyekataa Kufunga Mbwa

Watu wa Ludara, huko Koboko mpakani mwa Uganda na Zaire, walimwita Kaltumu mama mbwa, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Mwanamke Mwislamu, mjane wa askari, anakaa na mbwa! Lakini mbwa wao wakizeeka, wakiota vidonda, wakianza kujinyea walikolala, walikuwa wanampelekea nani? Yeye yeye. Alimlaza mgonjwa juu ya gunia, akampa uji mwepesi wa mtama, akamtoa funza vidondani kwa unyoya wa kuku, akakaa naye mpaka pumzi ya mwisho. Kisha alinawa mikono mara saba, moja kwa udongo kama dini inavyotaka, akaenda kuswali. Wenye midomo waliambiwa waendelee.

Jambo moja tu hakulikubali: kumfunga mbwa kamba. Hata uje na mbwa mkali wa namna gani, kamba yako unarudi nayo.

Sababu aliijua yeye na mdogo wake, Fadhul. Mwaka wa themanini, askari wa serikali mpya walipokuwa wakichoma nyumba kuelekea kwao, familia ilikimbilia Zaire kwa kupita porini. Kaltumu alikuwa na mbwa aitwaye Tutaona, mwenye kelele kuliko mbwa wote wa Koboko. Fadhul akasema, "Dada, hii mbwa itatuuza." Kaltumu akachukua kamba ya nailoni ya marehemu mumewe, akamfunga kwenye mkwaju nyuma ya jiko, fundo la jeshi lisilofunguka ovyo. Akamwekea sufuria ya maji. Akamwambia, "Narudi sasa hivi." Walimsikia akilia mpaka walipovuka mto. Sasa hivi yake ikawa miaka sita.

Waliporudi, nyumba ilikuwa majivu ya zamani, nyasi zimejaa uani, lakini mkwaju ulikuwepo na kamba bado imezunguka shina. Kaltumu hakuangalia chini. Alijenga nyumba mpya iliyoupa ule mti mgongo, na tangu hapo hakukanyaga huko nyuma. Ila mchana, kazi zikitulia, alimsikia Tutaona. Hakubweka, alilia kile kilio cha mbwa anayengoja mtu. Fadhul alisema ni upepo. Upepo gani huo, unaokuja saa ile ile kila siku?

Mwaka wa tisini na moja, Yakani mwindaji akamletea mbwa wake mzee, Waseme. Jina hilo alimpa makusudi ili majirani zake walisikie kila akimwita. Waseme alikuwa kipofu, tumbo limejaa maji, siku zake zimekwisha.

"Mama, iko karibu kwenda," Yakani akasema. "Mimi nilitembea na yeye porini miaka kumi na mbili. Siwezi kuangalia. Nakuomba tu, asikufe vibaya."

Siku ya kwanza Waseme alijikokota mpaka barabarani mara mbili, na mara ya pili lori la chakula cha wakimbizi lilimkosa kidogo tu. Fadhul akaja na kamba mkononi.

"Dada, funga yeye. Ama unangoja lori ikusaidie?"

Kaltumu hakuipokea ile kamba. Alichana leso yake kipande kirefu, ncha moja akaizungusha shingoni mwa Waseme, na nyingine akaifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Fadhul alicheka, halafu akaacha kucheka.

Siku mbili akapika kwa mkono mmoja, akalala ubavuni mwa gunia. Wakati wa swala tu, Fadhul alishika ncha ile, uso ameugeuza kando kama anashika nyoka.

Siku ya tatu, mchana, Waseme akainuka akavuta. Kaltumu alidhani ni barabara tena, lakini mbwa alizunguka nyumba akielekea nyuma, kwenye kivuli baridi cha mkwaju. Kaltumu akasimama. Leso ikakaza. Waseme akalia, na kilikuwa kilio kile kile. Fundo la leso lilikuwa la kuvuta mara moja tu likafunguka, na alilishika kweli. Akaliachia bila kulivuta, akamfuata.

Waseme alilala chini ya shina, chini ya ile nailoni. Kaltumu akaketi, akampakata kichwa.

"Niko hapa," akamwambia. "Siendi mahali."

Waseme alikufa kabla ya adhana ya alasiri. Fadhul alikuja kumfungua dada yake, akaambiwa, "Ngoja kwanza." Kaltumu alianza na fundo la ile nailoni shinani. Lilikuwa limekuwa gumu kama mfupa. Alilichokonoa kwa kucha mpaka damu ikatoka, mpaka likaachia. Ndipo akamfungua Waseme, na mwisho akajifungua mwenyewe.

Akanawa mara sita. Udongo wa mara ya saba aliuchukua pale pale, chini ya mkwaju, akiuangalia.

Na kile kilio? Bado anakisikia mchana. Ila siku hizi akikisikia anaacha kazi, anazunguka nyumba, anakwenda.