Mwalimu Mjaka Apanda Mkarafuu

Mjaka bin Shaame alisomea ualimu kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu: aliogopa kupanda miti. Sasa Mpemba aogopaye mkarafuu ataishi vipi? Alishika chaki, akapewa darasa la tano katika skuli moja nje kidogo ya Mtambile, na watu wakamwita Mwalimu bila kumchimba zaidi.

Kilichomtoa jasho darasani ni ule mkia wa swali la Kiingereza, isn't it na can't you, unaomtaka msikilizaji akubali au akatae. Kukubali, watoto walikubali kwa moyo mmoja. Kukataa ndiko kulikowashinda, maana majumbani mwao walifunzwa kwamba mkubwa hakataliwi usoni. Mjaka aliwaambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni mbuzi, sivyo? Wakaitikia, "Yes, sir," kwa adabu tele. Akawaambia alikufa jana, sivyo? Wakakubali pia, na Khairiya, mtoto mwenye huruma, akampa pole.

Mwaka wa 1960 likaja neno kutoka Unguja kwamba mkaguzi atakuja kulisikiliza darasa hilo. Akiridhika, Mjaka atathibitishwa kazini. Asiporidhika, Mjaka arudi kwao akachume karafuu. Maskini alikonda kabla mgeni hajavuka bahari.

Mkaguzi alifika na suti yake nyeusi, akakuta madawati matupu na kuku mmoja. Mwaka huo karafuu ziliwahi kuiva.

"Wanafunzi wako wapi?" aliuliza.

"Wako juu, bwana," Mjaka alijibu, akamwongoza shambani.

Mwenye shamba, Bi Mwanapili, aliwapokea kwa salamu ndefu, akawaulizia wazee wao mpaka waliokwisha kufa, kisha akakata shauri. "Hashuki ntu hapa, wanangu. Karafuu zikichanua hazina bei tena. Someshani papo hapo."

Mtu mwengine angekasirika, lakini mkaguzi alikuwa mtu wa kanuni. Kanuni yake ilisema wanafunzi lazima wamwone mwalimu wao. Watoto walikuwa vileleni, wamefichwa na majani, basi mwalimu apande. Alilisema hilo kwa utulivu, kana kwamba amemwomba afungue dirisha.

Mjaka alipanda macho ameyafumba. Alipofika kwenye panda ya kwanza ya matawi, mbali kidogo na ardhi, aliukumbatia mti kwa mikono na miguu, akaanza kusomesha. Hizi ni karafuu, sivyo? Mikarafuu yote ikaitika yes. Wachumaji wazima nao wakaitika, na Bi Mwanapili huko chini, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, akaitika kuwashinda wote.

Mkaguzi akaingia mwenyewe. Hizi ni ndizi, sivyo? Shamba zima likakubali kwamba ni ndizi. Akauliza kama yeye ni Sultani. Wakakubali, na mzee mmoja akavua kofia. Mkaguzi akatikisa kichwa, akaifunga kalamu yake. Mjaka aliusikia ule mfuniko wa kalamu, akajua kazi imekwisha, na huu mti anaouogopa ndio utakaomlisha mpaka uzeeni.

"Inatosha," alisema mkaguzi. Akageuka aende zake, kisha kwa uungwana tu akauliza kwa Kiingereza, "You can come down, can't you, teacher?"

Mjaka alifungua kinywa aseme anaweza kushuka, kama mtu mzima mwenye heshima zake. Badala yake aliubana mti kwa nguvu hata majani yakapukutika juu ya suti ya mgeni.

Khairiya alikuwa kwenye mti wa pili, anauona uso wa mwalimu wake. Aliutazama, akamtazama mkaguzi.

"No, sir," akasema. "He can't."

"No, sir, he can't," akadakia Bakar, aliyekuwa kwenye kilele cha jirani. Kisha jibu hilo likaenda mti kwa mti, kwa sauti za kitoto na za kikongwe, mpaka likasikika barabarani. Mkaguzi akaifungua tena kalamu.

"Umethibitishwa, Mwalimu," akamwambia.

Mjaka alilia palepale juu, kwa aibu na kwa furaha, shavu lake kwenye gome. Watoto wakaanza kuteremka mmoja mmoja wakamtafutie ngazi. Bi Mwanapili akaja mbio na bakora yake, akawaamuru warudi mitini upesi.

"Haturudi, Bi," Khairiya akamwambia usoni.