Mgongo wa Sahani ya Bibi

Utoto wangu niliulala chini ya sahani. Ilikuwa imezamishwa ukutani kwa chokaa, juu ya kitanda cha bibi yangu mzaa mama: nyeupe, yenye maua ya samawati na ndege mmoja asiye na jicho. Mchana wa joto tukijipumzisha, jua lilipenya makutini likacheza juu yake, nami nusu usingizini nikamwona yule ndege akipiga mbawa. Nilimwambia bibi. Hakunicheka, alisema hata yeye humwona.

Kwetu, upande ule wa pwani ya Afungi, mwanamke akiolewa, mama yake ndiye humpachikia sahani chumbani, kwa mkono wake, si wa fundi. Ya bibi ilipachikwa na mama yake, ambaye hakumaliza mwaka baada ya hapo. Hakuacha picha.

Ikaja kampuni ya gesi, nyumba zetu zikatakiwa kupisha uzio wake. Mtu wa serikali alipita na karatasi ya fidia, akiandika milango, minazi na mikorosho. Akasimama mbele ya sahani.

"Bibi, hii mnaitumia?"

"Naitazama."

Hakuandika kitu. Nilitamani kumnyang'anya kalamu.

Katika kuhama kote kule bibi alitaka jambo moja tu: sahani itoke nzima. Siku saba aliilowesha chokaa kwa kitambaa, akiichokonoa pole pole kwa ganda la kombe. Nikajitolea kumsaidia, akanifukuza.

"Wewe mke mwenzangu una mikono ya kuku," alinitania. "Kazi yako kuparua."

Siku ya nane ikatoka nzima, na tabaka la chokaa mgongoni. Akailaza kitandani, akalala kando yake.

Nami nikaona nimfurahishe. Nyumba mpya ya saruji tuliyopewa haikufaa kuingizwa kitu kichafu. Nikaichukua hadi kisimani, nikausugua mgongo kwa mchanga na makumbi. Palikuwa na mifereji minne kwenye ile chokaa, migumu kuliko kwingine, nikaikazania hadi ikaisha.

Bibi alipoamka aliipokea kwa mikono miwili. Akaupapasa mgongo, akaupapasa tena.

"Vidole vya mama viko wapi?"

Ndipo akanieleza. Mama yake aliupaka mgongo chokaa kwanza, ikiwa bado mbichi akaipitishia vidole vinne, ili ikikauka ishike vizuri ukutani. Bibi alikuwa amesimama pale, bibi arusi, akimtazama. Miaka yote ile alilala akijua vidole vile viko nyuma ya ndege.

Niliona aibu ambayo sijaimaliza. Hakunikemea, na hilo liliniuma zaidi.

Kwenye nyumba mpya alimtoa fundi na saruji yake, akakoroga chokaa mwenyewe. Akaupaka mgongo wa sahani, kisha akaninyooshea.

"Pitisha vidole."

"Bibi, si mimi niliyevifuta?"

"Ni wewe. Pitisha."

Nikavipitisha vinne, mifereji ikaenda upogo. Bibi akakaa akiitazama mpaka ikakauka.