Mguu wa Mzee Chilumba

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Hospitali ya Temeke ambayo haijanitoka, na kwa kuwa leo umevaa koti jeupe kwa mara ya kwanza, nakusimulia.

Nilikuwa daktari kijana, tena machachari. Wodini kwangu alilazwa Mzee Chilumba, mchonga vinyago kutoka kusini. Kisukari kilikuwa kimemwozesha mguu, na sumu ilikuwa inapanda. Tusipoukata, angekufa. Mzee akakataa. Hakugomba, alitugeuzia mgongo tu akatazama ukuta.

Unaijua desturi yetu: mgonjwa yuko kitandani, mazungumzo yanafanyika koridoni na ndugu. Mwanawe, Rashidi, alikuwa ameshasaini fomu ya upasuaji huku analia. Akaniomba, "Dokta, mchomeni sindano ya usingizi mumkate. Akiamka atalaumu, lakini atakuwa hai."

Bosi wangu, daktari bingwa, akaona sawa. Mimi moyo ukagoma, maana mzee akili zake zilikuwa timamu. Nikasema naita kamati ya maadili ya hospitali. Bosi akacheka. "Kamati ya nini? Kwani wewe si daktari?" Siku zile kuita kamati kulionekana ni kukiri kwamba kazi imekushinda. Nikaiita hivyo hivyo, na hata leo najisifu kwa hilo. Uzee una ruhusa zake.

Wakaja wanakamati watatu: shehe, ofisa ustawi wa jamii na muuguzi wa makamo, Mama Neema. Nilidhani wataanza na sheria. Mama Neema akavuta kiti hadi kitandani.

"Shikamoo baba. Hutaki kukatwa, tumesikia. Unaogopa nini?"

Mzee akageuka. "Marahaba. Mguu wangu mtaupeleka wapi?"

Kumbe alisikia kwamba viungo vinavyokatwa huchomwa moto pamoja na takataka za hospitali. "Mguu huu umenitoa Newala," akasema. "Nyie kukata mnajua. Kuuliza ndiyo hamjui."

Shehe akamwambia kiungo cha mtu huzikwa. Ofisa ustawi akasema ndugu watakabidhiwa. Mzee akamwita Rashidi, akamwagiza pa kuuzika, kisha akaweka dole gumba kwenye fomu mwenyewe. Tulimkata mchana ule ule. Akaishi, akichonga ameketi, na kila Idi alinitumia salamu.

Sindano ya Rashidi nayo ingemwokoa, sikatai. Lakini mzee angeamka hana mguu, hana mwana wa kumwamini, wala daktari.

Basi, mwanangu, jifya moja haliinjiki chungu. Mgonjwa akikataa, usikimbilie nguvu, wala usimsusie. Muulize yeye mwenyewe kwanza, si ndugu zake wa koridoni. Ukikwama, waite wenzako wa kamati mapema, wangali na nafasi ya kukaa na kusikiliza. Atakayekucheka mwache acheke, meno ni yake.

Mungu aibariki mikono yako. Na kila atakayepita mikononi mwako, mzima au mwenye upungufu, arudi kwao akijua mwili wake bado ni wake. Amina.