Kadi ya picha ya marehemu iko kwa mama mkwe

Admin, jina langu nakuomba ulifiche kabisa, maana wifi zangu wanaufuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na tatu, naishi Bwera, na ni mjane tangu Ramadhani iliyopita. Mume wangu alikuwa akisafirisha mizigo kati ya Mpondwe na Kasese.

Tulipenda sana kucheza mpira kwenye simu, mimi na yeye. Nikimfunga alilalamika, "Mke wangu, hata goli la huruma hunipi?" Akaamua tuunde kompyuta ya kuchezea, pole pole, kwa vipande vya mtumba. Kila safari ya Kasese alirudi na boksi moja. Alichagua kwa makini. Taa za rangi aliziacha, akachukua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya bei rahisi isiyoweza kutoa picha yenyewe, ili kinachobaki kinunue kadi nzuri ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini. Kadi ilikuja mwisho, na alimwonyesha mama yake kabla yangu. Wiki hiyo hiyo akaugua, akafariki. Hatukuwahi kuviunganisha.

Baada ya arobaini wazee waligawa mirathi. Hakuna kati yao aliyejua kwamba maboksi yale yote ni kitu kimoja. Mimi nilikuwa kwenye eda, nimekaa chumbani, sikusema neno. Mama mkwe akapewa kadi, mimi nikapewa vipande vingine.

Eda ilipokwisha nilivipeleka Kasese kwa fundi mmoja, Mkongo wa Butembo. Akaviunganisha, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

"Mama, iko muzima," akasema, "lakini haiko na macho. Leta kadi, ao tubadilishe prosesa, tuweke ya kuleta picha yenyewe. Hii ya bwana yako tutauzisha."

Tangu siku hiyo situlii. Nimerudi kwake mara tatu. Nachagua prosesa nyingine, naishika mkononi, naiweka chini, narudi Bwera mikono mitupu. Nyumbani naanza kufagia palipofagiliwa.

Ijumaa iliyopita nikaenda kwa mama mkwe kuiomba kadi. Alinimiminia chai, akaishusha kutoka juu ya kabati, akacheka. "Siku alipoileta hii, ungedhani ameoa mke wa pili! Hivi mwanangu, kazi yake ni nini hasa?"

Alikuwa ameipakata kama mtoto mchanga. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni pambo tu, mama."

"Nilijua. Nzuri hivi, itakuwaje na kazi?"

Kisha akachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, akaanza kuifuta. Kumbe hufanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kumsomea mwanawe dua. Niliyaona maji yakiingia kwenye feni ya kadi, nami nikanywa chai yangu.

Leo ni Jumatano. Nikimwambia ukweli, atajua nilimdanganya, na namjua, atanipa kadi papo hapo, abaki na kabati tupu. Nikinyamaza, sabuni itaimaliza, na prosesa aliyoichagua mume wangu itakwenda kwa mtu nisiyemjua. Ninyi mliofiwa, nanyi mnaojua kompyuta, naomba mnisaidie mawazo, na msinitukane: nikaiombe, au nimwachie mwanawe?