Mbegu za Mzee Zilienda Wapi?

Kwenye dirisha ninapogawia dawa hapa hospitali ya Kasongo, mvua ikinyesha polepole kama usingizi, mbele yangu walisimama mzee na mkewe. Mzee alikuwa amepasuliwa tezi dume kwa leza, ng'ambo ya mpaka.

"Munganga," mama alinong'ona, akikunjakunja pembe ya kitenge, "tangu arudi, tukilala hakuna kitu kinatoka. Mbegu iko anapelekea nani?"

"Hakuna mutu, mama," nikamjibu. "Kisha ya operesheni ile, mbegu inarudiaka mu kibofu, inatoka na mukojo. Haina ubaya."

Mama akaiachia pembe ya kitenge, akamgeukia mumewe.

"Mimi nilizani nimeisha," mzee akamwambia. "Niliona haya kukuambia."

Akamshika mkono, wakaondoka bila mwavuli. Daktari wa ng'ambo angewaambia maneno hayo kabla ya kupasua, wasingelala miezi mitatu wakipeana migongo.