Dakika Nne za Mzee Mageni

Baba yangu aliongea dakika nne mbele ya kamera yangu, na mpaka leo hakuna aliyesikia hata neno moja.

Msinicheke, wadau. Someni kwanza.

Mimi napiga video za harusi Kahama, ila ugonjwa wangu ni ndege. Kamera yangu ni ile kubwa ya kubadilisha lenzi, na inarekodi mwendo wa taratibu. Yangeyange akiruka kutoka mgongoni kwa ng'ombe, unahesabu manyoya yote.

Baba alikuwa ananishangaa. "Mtu mzima unafukuzana na ndege!"

Mwaka jana akaugua sana, nikarudi nyumbani Ushetu kumuuguza.

Mdogo wangu Apolonia alikuwa Geita. Miaka sita hajakanyaga kwetu. Alienda kuishi na mchimba dhahabu bila posa, bila hata ng'ombe mmoja wa mahari, Baba akamwambia asirudi. Wote wawili vichwa vigumu.

Nilipompigia, akalia.

"Kaka, muulize tu kama amenisamehe. Nakuja kesho."

Nikampa Baba simu. Akaisukuma.

"Maneno ya mtoto wangu hayapiti kwenye simu inayokatika-katika. Leta hilo dude lako la ndege. Halafu utoke, haya ni ya Apolonia."

Asubuhi hiyo nilikuwa zizini narekodi yangeyange. Nikaifunga kamera kwenye stendi mbele ya Baba, nikabonyeza, nikatoka.

Aliponiita, shati lake lilikuwa limelowa kifuani na kikombe cha maji kitupu. Nikadhani kimemponyoka. Nikamfuta.

"Nimemaliza," akasema. "Aje asikie mwenyewe."

Kesho yake saa tatu asubuhi Baba akafariki. Apolonia alishuka kwenye bodaboda saa saba. Vilio alivisikia akiwa bado barabarani.

Baada ya mazishi tukajifungia chumbani, mimi na yeye na laptop. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikaongeza sauti. Kimya. Baba anafungua mdomo taratiiibu, anaufunga taratiiibu.

Ndipo nikakumbuka. Kamera ilikuwa bado kwenye mwendo wa ndege, na ikiwa kwenye mwendo ule hairekodi sauti. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote! Sikuwahi kujali, maana ndege nawawekea muziki.

"Sauti iko wapi, kaka?"

Nikapiga magoti. Nikamweleza.

Hata kofi hakunipiga, na bora angenipiga. Alikaa akatazama midomo ya Baba. Dakika nne zikawa karibu ishirini.

"Hapo kanitaja?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Na hapo?"

"Sijui."

Mwishoni Baba akashika kikombe. Akapiga funda. Akainua uso, akayapuliza yale maji kuelekea kwenye kamera.

Kwetu mzazi hapulizi maji hovyo. Mtoto aliyekosana na mzazi akishapuliziwa maji, ugomvi umekwisha, amebarikiwa.

Na mimi nilikuwa nimemfuta kifua nikidhani ni uzee.

Kwa macho ya kawaida ungeyaona maji yale kufumba na kufumbua, basi. Kwenye ile video yalitoka tone moja moja, yakakaa hewani, yakaja. Apolonia akasogeza uso mpaka kwenye skrini, akafumba macho.

Nililia kama mtoto.

Akakirudia kipande hicho mara nne. Kisha akafunga laptop mwenyewe.

"Amenisamehe," akasema. "Lakini nilitaka kumsikia akiniita, kaka. Miaka sita sijamsikia akiniita."



Kila Jumapili ananipigia. "Hebu niigizie, Baba alikuwa anasemaje Apolonia?" Namuigizia. Mwanzoni alikuwa anacheka na kulia. Juzi akasema, "Siyo hivyo, kaka." Na kweli, siyo hivyo. Hata mimi sauti yake imeanza kunitoka.

Kwa hiyo wewe uliyenuniana na mzazi wako, usisubiri video. Panda gari leo, umkute bado anaongea.