Wiki ya Bwana Marinda

Shemeji yangu, mume wa dada, hushona sare za shule, na mtaa mzima humwita Bwana Marinda kwa sababu hakuna anayepanga marinda ya sketi kumshinda. Kwa hilo namvulia kofia. Kwa mengine, Mungu anisamehe, kichwa chake ni cha kuvalia kofia tu.

Siku moja alialikwa kwenye ukumbi wa hoteli kula chakula cha mchana cha bure. Mtu mzima, mwenye duka na cherehani tatu, anakimbilia sahani ya bure! Alirudi ameshanunua wiki. Ndiyo, wiki. Akanieleza kifua mbele: kuna hoteli ufukweni, na chumba kimoja humo ni chake wiki moja kila mwaka, mpaka afe, na akifa wanawe watarithi. Ada ya matengenezo atalipa kila mwaka, aende asiende. Na akipenda, anaweza kubadilishana na mtu mwenye wiki yake kwenye hoteli nyingine.

"Shemeji, chumba cha hoteli si unakodi, unalala, unaondoka?" nilimuuliza.

"Wewe hujui uwekezaji."

"Na ukiuchoka, nani ataununua kwako?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepigwa changa la macho.

Dada alikuwa na hesabu yake. Yeye ndiye hukata matundu ya vifungo, hukunja pindo na kupiga pasi kila sketi, halafu huingia jikoni. Mgongo unamuuma tangu mtoto wa pili, na sijawahi kumwona amelala mchana. "Hata kama wamempunja, mdogo wangu," aliniambia, "mimi nitalala."

Sasa sikia ujinga wenyewe. Muuzaji alimuuliza likizo za shule ni lini. Shemeji anazijua tarehe hizo kuliko walimu, akazitaja zote kwa kujigamba. Muuzaji akampa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, akamwambia hiyo ni dhahabu, kila mtu anaitaka. Kweli, kila mtu anaitaka, isipokuwa mshona sare! Wiki hiyo wazazi hujaa mlangoni kwake na watoto wasiopimwa, na dada hula amesimama, pasi mkononi.

Mwaka wa kwanza dhahabu ikapita, ada ikalipwa. Mwaka wa pili vilevile. Kwa ada zile angemlaza dada kwenye hoteli yoyote, wiki yoyote aipendayo, bila mkataba wa mtu.

Mwaka wa tatu akaamua kubadilishana, na kubadilishana nako kuna ada yake. Akatoa wiki ya jua ufukweni, akapewa wiki ya mvua milimani, kwenye hoteli ambayo bwawa lake limefunikwa turubai. Alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Sasa wakambadilishia gunia.

Siku ya safari nilikwenda kuwaaga, nikamkuta dada anapakia sufuria begini.

"Chumba kina jiko," shemeji alisema. "Kula hotelini ni kutupa pesa."

Dada hakuniangalia usoni. Nilitamani nimpige mtu kwa sufuria mojawapo.

Yaliyofuata dada alinisimulia mwenyewe. Huko alipika asubuhi, mchana na jioni, akaosha vyombo. Alfajiri shemeji alimwamsha: "Amka, tumelipia haya!" Akampandisha kwenye baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, eti huduma isipotee. Katikati ya wiki wakaitwa ukumbini, kijana mwenye tai akawashauri wanunue wiki ya pili ili kubadilishana kuwe rahisi.

"Mama, likizo unaionaje?" kijana aliuliza.

"Likizo ipi? Mimi nimehama jiko tu."

Shemeji akacheka sana, akaomba kalamu, akaweka sahihi.

Dada hakugomba. Alirudi chumbani, akakusanya nguo zake, sufuria akaziacha mekoni, akapanda basi hadi kwangu. Kwangu ni vyumba viwili, watoto hawanyamazi, na jirani anachomelea mageti kutwa. Alipanda kitandani kwangu na kulala hadi kesho yake mchana. Niliwafukuza watoto nje, nikapika, nikampelekea chai.

Simu ikalia. Ni shemeji, anafoka: "Mwambie arudi! Wiki haijaisha, siku zinapotea bure!"

Nikamwekea dada simu sikioni.

"Hazipotei, baba watoto," alisema. "Ninazo huku."

Akanirudishia simu, akageukia ukutani, akaendelea kulala.